Kisu cha pili kwenye pua ileile

Niseme mapema kabla hujaanza kunionea huruma: pua yangu haijaharibika. Hamna mtu ananikodolea macho, na ukinikuta leo kwa mara ya kwanza hutajua hata kama niliwahi kulazwa chini ya taa za chumba cha upasuaji. Na ndo hapo ugumu ulipo. Mtu ambaye pua yake imedidimia au imepinda wazi anajua cha kufanya, anatafuta daktari wa kurekebisha na kila mtu anamwelewa. Mimi nimebaki na pua ambayo "sio mbaya", na kwa ajili ya hiyo pua isiyo mbaya natakiwa niamue kama nirudi kwenye nusu kaputi, nikatwe tena, nivimbe tena, alafu nisubiri tena mwaka mzima kujua nimepata nini.

Nilichotaka mara ya kwanza hakikuwa kikubwa. Nundu kwenye mwamba wa pua ipungue na ncha ipate umbo, basi. Nundu imeondoka, hilo simnyimi daktari haki yake. Lakini juu kidogo ya ncha pamebaki pamejaa, yaani nikisimama kiubavu pua inashuka vizuri tu alafu inatuna kabla haijafika mwisho, na ncha yenyewe inaonekana imelala. Tundu moja liko juu kidogo kuliko lenzake. Na cha tatu, hiki kilijitokeza taratibu, upande wa kulia nikivuta hewa kwa nguvu unajifunga. Nikipanda ngazi nausikia, nikilala ndo kabisa.

Ukiwaambia watu unapata majibu mawili tu, "mbona iko poa" na "si ulitaka mwenyewe". Dada yangu aliniuliza, we utaendelea kukatwa mpaka lini, na hakuwa ananisema vibaya, alikuwa anauliza kweli. Mama yeye alinyamaza alafu akauliza inauma? Nikamwambia haiumi. Akasema haya. Pua ya kuzaliwa ukiilalamikia watu wanakubembeleza, pua ya kuchagua ukiilalamikia unaonekana hujui unachotaka, kwa hiyo unajifunza kunyamaza na kubaki unajadiliana na kioo, ambacho kwa uzoefu wangu ni mshauri mbovu kuliko wote.

Na wala hatuko wachache. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya asilimia 5 na 15 ya waliofanyiwa pua hurudi kurekebishwa, na hao ni wale waliorudi, wanaokaa kimya na pua zao hawamo. Pua inasemwa na madaktari wenyewe kuwa ni kati ya oparesheni ngumu za urembo kwa sababu kosa la milimita moja linaonekana, na kwa sababu kinachofanyika mezani sio kinachobaki baada ya kovu kumaliza kazi yake.

Tuongelee kusubiri maana ndo kitu cha kwanza utaambiwa na ndo kitakuchosha. Karibu kila daktari wa kurekebisha pua atakwambia subiri angalau miezi 12 tangu oparesheni ya kwanza, na kama ngozi yako ni nene atasema 18, wengine hata 24. Ukiwa na hasira inasikika kama njia ya kukuchosha uondoke zako, na mi nasema ukweli, wapo wanaoitumia hivyohivyo, kila ukija unaambiwa "bado uvimbe" mpaka unaona aibu kurudi. Ila sababu yenyewe ni ya kweli. Uvimbe wa pua unatoka juu kwenda chini, mwamba unatulia mapema, ncha inakuja mwisho kabisa kwa sababu ngozi ya pale ni nene na ina mafuta, na njia za kutolea maji zimekatwa kwenye oparesheni. Chini ya ngozi kovu nalo lina safari yake, miezi ya mwanzo ni gumu, limejaa mishipa midogo ya damu, baadaye linalainika na kujivuta. Daktari akiingia humo mwezi wa nne anakata kitu ambacho bado kinatembea, hawezi kutofautisha uvimbe na gegedu, ule mfupa laini wa pua, na anachokisawazisha leo kinaweza kupinda upande mwingine kovu la zamani likiendelea kujivuta. Vitu visivyosubiri vipo, mfano maambukizi, au silikoni iliyowekwa puani inayotaka kutoboa ngozi, hivyo unakimbia siku hiyohiyo.

Katika kusubiri huko usijipime kwa selfi. Hii ichukulie siriasi. Mwaka 2018 kwenye jarida la JAMA Facial Plastic Surgery ulitoka utafiti uliopiga hesabu ya kile ambacho kamera ya karibu inaufanyia uso, ikaonekana picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi inaonyesha pua imepanuka kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na picha ya mita 1.5. Asilimia 30! Watu tunaenda kwa madaktari na simu mkononi tunawaonyesha pua ambayo haipo popote duniani isipokuwa kwenye ile lenzi. Sa hivi picha zangu anapiga mtu mwingine, mita moja na nusu, dirisha lilelile, ukuta uleule, ya mbele, ya pembeni zote mbili, na ya kutoka chini nikiwa nimeinua kidevu. Na kuna nyingine ambazo ni muhimu kuliko hizo, picha za kabla. Sio zile za kwenye sherehe ulizojipodoa, zile za daktari, zenye mwanga mbaya na uso usio na tabasamu.

Nilivyoziweka pembeni kwa pembeni kuna jambo lilinikata maneno. Tundu langu moja lilikuwa juu tangu mwanzo. Yaani kabla hajanigusa mtu. Nyuso karibu zote hazilingani kulia na kushoto, tunatembea nazo miaka yote bila kujua, alafu siku ukilipia uso wako unaanza kuukagua kwa rula na kila unachokiona unakipandikiza kwenye oparesheni. Hapo lalamiko moja likafa. Sikulipenda tundu lile zaidi, ila angalau nilijua halina kesi na mtu.

Yamebaki mawili, kule kujaa juu ya ncha na kule kuziba. Haya ndo nimeyasoma mpaka nimechoka.

Kule kujaa kuna sababu zaidi ya moja na sababu zenyewe zinataka dawa zinazopingana, ndo maana mtu akikuangalia tu akasema "hapo tunapunguza kidogo" ondoka. Inaweza kuwa gegedu imeachwa juu sana sehemu ya chini ya mwamba wakati mfupa wa juu umepunguzwa, hapo kweli unapunguza. Inaweza kuwa ncha imepoteza nguzo zake ikashuka, kwa hiyo sehemu ya juu yake inaonekana imetuna wakati haijaongezeka kitu, hapo ukipunguza unaharibu, inatakiwa ncha ishikwe ipandishwe. Na inaweza kuwa kinyume kabisa, gegedu ilikatwa kupita kiasi, ngozi haikushuka kuifuata, ule uwazi uliobaki katikati ukajazwa na kovu. Watu wenye ngozi nene hii inatuhusu sana. Ngozi nyembamba inajikunja kufuata kilichopo chini, ngozi nene haijikunji kihivyo, kwa hiyo ukipunguza fremu chini yake ni kama umekata miti ya hema ukitegemea turubai lipungue lenyewe. Wengi tunaenda kwa daktari tukisema fanya ndogo, fanya ndogo, na pua ya namna hii mara nyingi ili ionekane ndogo na yenye umbo inabidi fremu yake iimarishwe, hata iongezwe mbele, ndo ngozi inyooke juu yake. Sentensi hiyo ningepewa mapema ningeuliza maswali tofauti kabisa.

Kama tatizo ni kovu, kuna kitu cha kujaribu kabla ya kisu, sindano ya steroidi, mara nyingi triamcinolone, kiasi kidogo sana, ndani kwenye kovu lenyewe, na inarudiwa baada ya wiki kadhaa. Ikizidi au ikichomwa juujuu inaila ngozi, inaacha kibonyeo au doa jeupe, kwa hiyo sio kitu cha kumwambia mtu yeyote mwenye sindano. Mimi nilichomwa. Ilisaidia, uvimbe ulishuka kiasi, ukagoma hapo ulipogoma. Na kule kugoma nako ni jibu, maana ilimaanisha kilichobaki sio kovu peke yake.

Sasa pumzi. Hapa naomba hata ambaye hana mpango na pua asome. Ndani ya pua kuna sehemu nyembamba kuliko zote ambapo gegedu za pembeni zinakutana na ukuta wa katikati, madaktari wanaiita vali ya ndani, na pembe yake kwa pua nyingi zilizoandikwa vitabuni ni digrii 10 hadi 15 tu. Ndogo hivyo. Nundu ikikatwa, zile gegedu za pembeni zinaachanishwa na ukuta zilizokuwa zimeshikana nao, na kama hazikurudishwa vizuri zinaweza kuangukia ndani taratibu, miezi kwa miezi. Mtu unafurahia pua imenyooka kumbe mlango unasogea. Ukivuta hewa kwa nguvu, ule upepo unaopita kwa kasi unazinyonya zile kuta dhaifu zinakutana, na huo ndo mzibo wangu wa kwenye ngazi.

Kuna kipimo cha kienyeji kabisa kinachoitwa Cottle, unaweka vidole shavuni pembeni ya pua, unavuta kuelekea sikioni, unavuta hewa. Ikifunguka, vali inashukiwa. Lakini usijipe cheti hapo nyumbani, kwa sababu hata mtu mzima asiye na shida akivuta shavu anapumua vizuri zaidi. Daktari aliyenipima vizuri aliingiza kijiti chembamba ndani, akaunyanyua ule ukuta kidogo tu bila kuupanua, akasema vuta. Jamani. Nilikuwa nimesahau hewa inaingiaje. Alafu akakitoa akaniambia sasa tujadili umbo, maana hilo la hewa linaeleweka, na mimi nikiwa pale kwenye kiti sikuwa hata na hamu ya kujadili umbo.

Dawa yake ni vipande vyembamba vya gegedu vinavyowekwa katikati ya ukuta na zile gegedu za pembeni ili kusukuma nje na kuifungua ile pembe. Aliyeiandika njia hii ni daktari Mmarekani, Jack Sheen, mwaka 1984, na ukiangalia tarehe utaona kitu, upasuaji wa pua wa urembo wa kisasa umeanza mwishoni mwa karne ya 19, Jacques Joseph wa Berlin alifanya pua yake ya kwanza mwaka 1898, yaani kwa miongo mingi kazi ilikuwa zaidi ni kukata na kupunguza, ndo baadaye watu wakaanza kuhesabu waliobaki hawapumui na pua zilizodidimia wakaanza kurudisha. Leo madaktari wengi wazuri wanaongelea kujenga kuliko kukata. Wengi, sio wote.

Na hapo ndo unafika kwenye swali ambalo watu wanaofikiria kurudia hawaliulizi kabisa: vifaa vinatoka wapi? Mara ya kwanza daktari alikukuta na kila kitu. Mara ya pili anakuta kilichobaki. Sehemu bora ya kutoa gegedu ni ukuta wa katikati wa pua yenyewe, imenyooka, ni ngumu, iko palepale, ila mara nyingi imeshatumika, na hata kama haijaisha lazima aache ukanda wenye umbo la herufi L upana angalau sentimita 1 ndo pua isidondoke. Ikiwa haitoshi wanaenda sikioni. Gegedu ya sikio ni laini na imepinda, inafaa sehemu nyingine, haifai kubeba mzigo mkubwa, ila sikio lenyewe likichukuliwa vizuri umbo lake linabaki. Ikiwa kazi ni kubwa wanaenda ubavuni. Ubavu una gegedu nyingi na imara, kawaida wanachukua mbavu ya 6 au ya 7, unapata kovu la sentimita chache kifuani, kifua kinauma ukikohoa ukicheka, gegedu yenyewe ina tabia ya kujipinda baadaye ikiwa haikuchongwa kwa akili, na mara chache sana utando unaozunguka pafu unatoboka. Umri nao unaingia, kadiri miaka inavyoenda gegedu ya mbavu inageuka mfupa na inakuwa ngumu kuchonga. Ipo pia ya kuchangiwa kutoka kwa marehemu, inayouliwa vijidudu kwa mionzi, inakuokolea kidonda cha kifuani lakini kwa baadhi ya watu mwili unaila pole pole. Silikoni na vitu vingine vya kutengenezwa vipo, ila ndani ya pua iliyokwisha kukatwa, yenye kovu na damu kidogo, hatari ya maambukizi na ya kutoboka inapanda, mi mwenyewe sitaki hata kusikia.

Unaona sasa. Mtu anasema "narudia tu kidogo", na hiyo kidogo inaweza kuanzia kifuani.

Ngozi pia inabeba deni. Kila ukifunguliwa mishipa ya damu inapungua, kovu linaongezeka, kutenganisha ngozi na fremu kunakuwa kugumu na kunachukua muda mrefu mezani. Ndo maana wanakomaa sana na nikotini, sio sigara tu, hata vepu na hata zile bandiko za kuachia sigara, wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada, kwa kuwa nikotini inabana mishipa na ngozi iliyoshonwa ikikosa damu inakufa. Baada ya hapo ni yaleyale, plasta juu ya pua kwa wiki hivi, usipenge, usiinamie vitu vizito, miwani isikae kwenye pua kwa wiki kadhaa, ncha ina ganzi miezi, na mwaka wa kusubiri unaanza upya kutoka sifuri.

Kabla hujauliza, ndio, niliwaza fila, ile sindano ya kujaza chini ya ngozi. Kila mtu anaiwaza kwa kuwa hamna kisu, unaingia unatoka, kibonyeo kinajazwa na mwamba unaonekana umenyooka. Lakini pua ni kati ya sehemu hatari zaidi za uso kuchomwa fila, mishipa yake inawasiliana na ya jicho, fila ikiingia kwenye mshipa ngozi inaweza kufa na mtu anaweza kupofuka, na kwenye pua iliyofanyiwa oparesheni ramani ya mishipa imeshabadilika na kovu limeikamata, haisogei kuikwepa sindano. Ile ya asidi ya hyaluronic inaweza kuyeyushwa kwa dawa, nyingine haziyeyuki. Tena kwangu mimi ambaye tatizo ni kujaa, nijaze zaidi? Nikaachana nayo. Nawajua watu wamefanya na wako salama kabisa, sibishani nao.

Madaktari. Nilianza kwa yule wa kwanza, na nakushauri uanze hapo hata kama una hasira naye, kwa sababu yeye ndo anajua alikata nini. Alinipokea kwa adabu, akakiri kule juu ya ncha hakukutoka alivyopanga, akasema yuko tayari kurekebisha bila malipo ya mkono wake, ila chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi vingebaki juu yangu, jambo ambalo ni la kawaida sana. Nilimshukuru. Sikukubali. Sio kwa ubaya, nilipomwambia kuhusu pumzi alisema "hiyo itakaa sawa", na hakuingiza hata taa ndani kuangalia. Nilichomwomba ni ripoti ya oparesheni, na nakwambia hiyo karatasi ina thamani kuliko picha mia, inaeleza alifungua kwa nje au kwa ndani, alitoa gegedu kutoka wapi, kiasi gani, aliweka kitu gani, alishona nini na nini. Daktari wa pili akiisoma anajua anaingia kwenye nyumba yenye vyumba vingapi. Bila hiyo anabahatisha mpaka akufungue.

Nao hao wa pili wako wa aina mbalimbali. Kuna aliyekubali kila nilichotaja, hata vitu ambavyo sikuvitaja, akafungua kompyuta akanichorea pua nzuri sana kwa dakika chache, na mimi nikaipenda, nisidanganye, nilitaka nitoke nayo siku ileile. Lakini kompyuta haina ngozi nene. Haina kovu. Unavuta kipanya na ncha inapanda. Kuna mwingine aliyesema asingenigusa kabisa kwa sababu ya umbo, kwa hoja kwamba faida ni ndogo kuliko hatari, na angenigusa kwa sababu ya hewa tu. Nilitoka nimenuna. Nilivyofika nyumbani nikagundua ndo pekee aliyenipa sababu za kwa nini.

Yule wa kijiti alikuwa katikati. Aliniuliza swali ambalo naona kila mtu anayefikiria hili angeulizwa: ukipata kitu kimoja tu kati ya hivi vyote, unachagua kipi? Nikajibu hewa bila kufikiri na nikashangaa mwenyewe. Alafu akanipa fomu yenye maswali mengine, kwa siku nawaza pua saa ngapi, kuna mahali nimeacha kwenda, najificha kwenye picha, nimeshabadilisha kitu kingine mwilini. Nilikasirika kidogo, nikaona ananifanya chizi. Baadaye nikaelewa. Kuna hali ya kiakili ya mtu kuona kasoro mwilini mwake ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo sana, na ikamla maisha, inakadiriwa inawapata karibu mtu 1 kati ya 50, na kwa watu wanaotafuta upasuaji wa pua ni wengi zaidi ya hapo. Kisu hakiiponyi. Pua ikibadilika, jicho linatafuta kasoro mpya au linahamia kidevuni. Inayosaidia ni tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, na dawa za kundi la zile za msongo na wasiwasi. Joseph mwenyewe, yule wa 1898, mgonjwa wake alikuwa mtu aliyeona aibu kutembea mbele za watu, na alipowaeleza wenzake Berlin alisisitiza nafuu ya kiakili aliyoipata yule bwana, kwa hiyo kichwa kimekuwemo kwenye hii kazi tangu siku ya kwanza, ila wanaokipima sio wengi.

Majibu yangu kwenye ile fomu hayakuwa ya kutisha ila hayakuwa masafi pia. Kuna kipindi nilikuwa nakagua kioo kila nikipita. Tulikubaliana nikae miezi kadhaa, nizungumze na mtu wa mambo hayo, alafu nirudi nikiwa na sentensi moja ya ninachotaka, na ikiwa haiingii kwenye sentensi moja hatufanyi. Sikutegemea, ila kile kipindi kilipunguza mambo. Ncha iliyolala imekuwa ncha tu. Siku nyingine naikumbuka, siku nyingine hapana. Hewa ndo haikupungua hata kidogo, usiku ni uleule, na sidhani kuna mazungumzo yanayonyanyua gegedu.

Kwa hiyo sentensi yangu ni hii: nataka nipumue kulia, na wakiwa humo washushe kule kujaa kadiri inavyowezekana bila kukata kitu kinachobeba. Matundu yasiguswe. Ncha isibanwe kuwa nyembamba, isaidiwe tu isishuke zaidi. Daktari amesoma ripoti, anaona ukuta wa katikati umebaki na akiba kidogo, anategemea sikio litamaliza kazi, ila hatajua mpaka afungue. Ndo maana karatasi ya ruhusa ina sehemu mbili. Ya sikio nimesaini. Ya ubavu, yaani kumruhusu achukue nikiwa nimelala akikuta sikio halitoshi, bado. Kuna maswali nataka kumuuliza daktari wa usingizi kuhusu maumivu ya kifua siku za mwanzo, na nataka nijue nikikataa ubavu atafanya nini hasa, atafunga bila kumaliza au atatumia ya kuchangiwa. Akinijibu nitasaini au sitasaini, na tukikubaliana tarehe, dada yangu ameshasema atanisindikiza, ingawa ameongeza kwamba hii ndo mara ya mwisho anabeba begi langu hospitali kwa ajili ya pua.